Harry Thuku na Lugha ya Habari: Maisha ya Mpiga Chapa wa Pangani

Utangulizi

Kila siku taarifa za habari za Kiswahili husomwa kutoka Jumba la Utangazaji la KBC, Nairobi. Jumba hilo limesimama katika Barabara ya Harry Thuku, barabara ambayo pia inapita kando ya Hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wengi wa chuo huipita asubuhi na jioni bila kuuliza mwenye jina hilo alikuwa nani. Wanaomkumbuka kutokana na masomo ya historia humkumbuka kwa tukio moja tu, linaloitwa hadi leo Ghasia za Harry Thuku.

Jina hilo la tukio ndilo lililomchochea mwandishi wa makala haya kuyachunguza maisha ya mtu huyu. Siku ghasia hizo zinaposemekana kutokea, Thuku alikuwa amefungiwa ndani ya seli. Hakurusha jiwe, hakuongoza msafara, wala hakutoa amri yoyote. Imekuwaje basi jambo alilotendewa yeye na watu wake liandikwe kwa jina lake kana kwamba yeye ndiye mtendaji? Jibu, kwa maoni yetu, linapatikana katika lugha ya habari. Makala haya yanasimulia maisha ya Thuku huku yakiyaangalia kwa makini maneno ya kazi hiyo, yale aliyoyatumia mwenyewe na yale yaliyotumiwa dhidi yake.

Kuzaliwa na Malezi

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu, miaka michache tu kabla ya reli kufika mahali palipokuja kuitwa Nairobi. Alilelewa karibu na misheni ya Gospel Missionary Society, na hapo ndipo alipofundishwa kusoma na kuandika. Katika zama hizo, kijana aliyejua kusoma alikuwa na ufunguo uliofungua milango miwili. Mmoja uliingia katika kazi ya mshahara mjini, na wa pili uliingia katika siri za wakubwa, kwa kuwa serikali iliendeshwa kwa karatasi.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 16, Thuku alihamia Nairobi kutafuta kazi. Haukupita muda mrefu kabla ya kuingia matatani. Alipatikana na hatia ya kughushi hundi, akafungwa miaka miwili. Baadhi ya wasifu wa mashujaa huliruka jambo hili kwa aibu. Sisi hatuoni sababu ya kuliruka. Linatuonyesha kijana aliyegundua mapema mno kwamba maandishi yana nguvu, na akalipa kwa kuitumia nguvu hiyo vibaya.

Katika Kiwanda cha Chapa

Baada ya kutoka gerezani, kuanzia mwaka 1914, Thuku aliajiriwa katika gazeti la Leader, mojawapo ya magazeti ya walowezi wa Kizungu mjini Nairobi. Kazi yake ilikuwa katika kiwanda cha chapa, miongoni mwa watu waliopanga herufi na kuendesha mitambo.

Inafaa tutue hapa kidogo, kwa sababu msamiati wa kiwanda hicho una historia yake. Neno chapa lilitufikia kutoka lugha za Kihindi. Habari ni ya Kiarabu, na mhariri vilevile. Gazeti lilikuja na Wazungu. Hivyo basi, Mswahili wa Nairobi aliposema kwamba habari imepigwa chapa gazetini, sentensi yake fupi ilikuwa imekusanya Uarabuni, Bara Hindi na Ulaya, kisha ikafungwa pamoja kwa sarufi ya Kibantu. Maneno haya hayakubuniwa na kamati yoyote. Yalipokewa na kusanifiwa na watu waliokuwa wakifanya kazi, ambao walihitaji kuelewana upesi kabla mtambo haujaanza kuzunguka.

Kazi ya kupanga herufi ilikuwa na tabia ya pekee. Herufi zilisubuwa kwa risasi, yaani madini yale laini na mazito, na ziliundwa kinyume ili zikipigwa kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Mpanga herufi alilazimika kusoma kila neno nyuma mbele, herufi baada ya herufi. Magazeti ya walowezi yalijaa hoja zao kuhusu ardhi, kodi na namna ya kumfanya Mwafrika ajitokeze kufanya kazi katika mashamba yao. Kijana aliyekaa miaka kadhaa mahali hapo alipata elimu ya siasa ambayo hakuna misheni ingempa. Aliona jinsi neno linavyochaguliwa, linavyowekwa mahali pake, na linavyotoka kesho yake likiwa na sura ya ukweli.

Mwaka 1918 Thuku alihamia kazi nyingine ya mawasiliano. Aliajiriwa kuunganisha simu katika Idara ya Hazina ya serikali. Neno simu nalo lilianza kwa kumaanisha waya. Kwa hiyo, kabla ya kufikisha miaka 25, mtu huyu alikuwa amefanya kazi katika njia mbili kuu ambazo dola ya kikoloni ilizitumia kusafirishia maneno yake.

Pangani, Kijiji cha Habari

Waafrika wengi wa Nairobi wa wakati huo waliishi katika vijiji vilivyokuwa pembezoni mwa mji, na kimojawapo kilikuwa Pangani. Hii ni Pangani ya zamani, iliyobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Humo waliishi Waislamu kutoka pwani, askari wastaafu, wapagazi wa zamani, wachuuzi, wenye nyumba za kupangisha na vijana kutoka bara waliokuja kutafuta kibarua. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Wengi wao hawakujua kusoma, lakini hilo halikuwafanya wakose habari. Habari ilitembea kwa miguu. Ilitoka na mhudumu wa nyumbani aliyesikia mazungumzo ya mezani, ikapita kwa karani, ikafika barazani kabla ya jua kuzama. Msamiati wa habari za aina hii ulikuwa tofauti na ule wa kiwandani. Kulikuwa na uvumi, neno lililotokana na kuvuma kama upepo. Kulikuwa na fununu, tetesi na minong'ono. Kila neno lilionyesha kiwango cha uhakika wa jambo, na msikilizaji mzoefu alijua ni lipi la kuamini na lipi la kungojea lithibitishwe.

Harry Thuku aliishi akizifahamu lugha hizi mbili za habari, ya chapa na ya baraza. Kipawa chake kikubwa kilikuwa kuziunganisha.

Tangazo

Miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Kwanza ilikuwa migumu. Kenya ilifanywa koloni mwaka 1920. Kila mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na rekodi ya kazi, iliyotiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Kodi ilipandishwa hadi shilingi 16. Mwaka 1921 walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Juu ya hayo, wanawake na wasichana walikuwa wakilazimishwa na machifu kufanya kazi mashambani na barabarani.

Mnamo Juni 1921 Thuku na wenzake waliunda chama cha vijana wa Kikuyu. Baada ya wiki chache walikibadilisha kikawa East African Association, ili kiwe cha watu wote bila kujali kabila. Mabadiliko hayo ya jina yalikuwa pia mabadiliko ya lugha. Chama cha kabila moja kingeweza kuendeshwa kwa lugha ya kabila hilo. Chama kilichowataka Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Waganda na Waislamu wa Pangani kiketi katika mkutano mmoja hakikuwa na njia ila Kiswahili.

Mwezi Julai mwaka huo maazimio ya mkutano wao yalipelekwa London kwa njia ya simu ya maandishi, yakiipita serikali ya Nairobi kando. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni kuwa, baada ya wamisionari, Wahindi ndio waliokuwa marafiki wakubwa wa Waafrika. Kauli hiyo iliwaudhi sana walowezi na machifu. Lakini haikutoka hewani. Thuku alikuwa na urafiki wa karibu na Manilal Ambalal Desai, kiongozi wa Wahindi na mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Desai alimpa nafasi ya kufanyia kazi, na mtambo wa chapa wa gazeti hilo ukachapisha karatasi za chama.

Kutokana na ushirikiano huo Thuku alitoa karatasi yake ya Kiswahili, akaiita Tangazo. Jina hilo lilichaguliwa vizuri. Asili yake ni kitenzi kutangaa, yaani kuenea na kujulikana kila mahali. Serikali nayo ilikuwa ikitoa matangazo yake kupitia kwa machifu, na mwananchi alizoea kwamba tangazo ni amri inayoshuka kutoka juu. Thuku alilichukua neno hilo la watawala akaligeuza mwelekeo. Sasa mtawaliwa naye alikuwa na tangazo lake. Karatasi hiyo iliposomwa kwa sauti na mmoja, ilisikiwa na wengi, kisha ikaendelea na safari yake kwa mdomo. Wanawake nao, waliokuwa wakiteseka kwa kazi za kulazimishwa, walilieneza jina la Thuku kwa nyimbo.

Wakubwa wake katika Hazina walimtaka achague baina ya kazi na siasa. Thuku alichagua siasa.

Machi 1922

Jioni ya Machi 14, 1922, Harry Thuku alikamatwa. Habari ilienea Nairobi usiku huohuo, na wafanyakazi wengi wakaacha kazi. Watu walianza kukusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa, karibu na Hoteli ya Norfolk. Kufikia asubuhi ya Machi 16 walikuwa maelfu. Ujumbe wa viongozi uliingia kuonana na maofisa wa serikali, ukatoka na ahadi kwamba Thuku hangedhuriwa na kwamba kesi yake ingesikilizwa. Viongozi waliusihi umati utawanyike, na baadhi ya watu walianza kuondoka.

Wanawake waliokuwapo hawakuridhika. Walidhani wanaume wamenunuliwa. Mary Muthoni Nyanjiru alijitokeza mbele, akainua nguo yake na kuwataka wanaume wampe suruali zao ikiwa wao hawawezi kuzivaa. Katika mila za Waafrika wengi, hakuna laana wala tusi lililozidi hilo. Wanawake wenzake walipiga vigelegele, umati ukasonga kuelekea mlangoni, na askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Simulizi nyingi zinaeleza kwamba walowezi waliokuwa katika veranda ya Norfolk nao walipiga risasi.

Serikali ilitangaza kwamba waliokufa ni 21. Waafrika waliofanya kazi katika chumba cha maiti walihesabu 56.

Risasi na Risasi

Kiswahili hutumia neno moja, risasi, kwa madini yaliyosubiwa herufi za chapa na kwa kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Machi 16, risasi za bunduki zilitoka kwanza. Risasi za kiwandani zilifuata, na kazi yake imedumu zaidi.

Tukio hilo liliitwa ghasia. Neno ghasia humaanisha fujo isiyo na mwenyewe. Likitumiwa, msomaji huwaza umati unaorusha mawe, naye askari huonekana kama mtu aliyekuja kutuliza. Kisha ghasia hizo zikapewa mwenyewe, naye akawa Thuku. Katika maelezo ya wakati ule yeye pia aliitwa mchochezi. Hili ni neno la jikoni. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ya moto uliokwisha kuwaka. Waliolitumia hawakutambua kwamba lilikuwa likikiri jambo, kwani hakuna anayeweza kuchochea mahali pasipo moto. Kodi, kipande na mshahara uliokatwa ndio uliokuwa moto wenyewe.

Mwanafunzi wa sarufi atalitazama jambo hili kwa undani zaidi. Tukisema kwamba watu 21 walikufa katika ghasia, kitenzi kufa hakihitaji mtendaji, na kwa hivyo hakuna anayeulizwa swali. Tukisema kwamba waliuawa, tumeingia katika kauli ya kutendwa, na msomaji huanza kutarajia kiunganishi na, ambacho kitamtaja aliyeua. Mwandishi anaweza kukata sentensi hapo na kumwacha msomaji akining'inia. Tukisema kwamba askari waliwaua watu, hakuna tena pa kujificha. Sentensi hizi tatu zinahusu maiti wale wale, lakini ni ya mwisho tu inayoweza kufikishwa mahakamani.

Kuhusu idadi pia kuna msamiati wake. Takwimu ya serikali huitwa taarifa rasmi. Ile ya wafanyakazi wa chumba cha maiti huitwa madai, au huanzishwa kwa yasemekana na inadaiwa. Walioihesabu miili kwa mikono yao wakapewa lugha ya shaka, na walioketi ofisini wakapewa lugha ya yakini. Wakazi wa Pangani, ambao katika lugha yao ya baraza walikuwa na maneno manne au matano ya kupimia uhakika wa habari, wasingekubali mgawanyo wa aina hiyo.

Uhamisho na Marejeo

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa uhamishoni Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Kenya. Baadaye alihamishiwa sehemu za Lamu na Witu, kisha Marsabit. Ahadi ya kesi haikutimizwa. Sauti ya Tangazo ilizimwa, na katika miaka hiyohiyo ya 1920 serikali ikaanzisha gazeti lake la Kiswahili, likaitwa Habari.

Alipoachiliwa, mwaka 1931 ukiingia, Thuku alikuta siasa zimebadilika. Chama cha Kikuyu Central Association kilikuwa kimeundwa mwaka 1924, na Jomo Kenyatta alikuwa amekwisha kuhariri gazeti la Muigwithania, lililoanzishwa mwaka 1928 kwa Kikuyu. Thuku alichaguliwa rais wa chama hicho mwaka 1932, lakini mivutano ikamtoa, na mwaka 1935 akaunda Kikuyu Provincial Association, chama kilichoahidi kufuata njia za sheria na utiifu. Vita vya Mau Mau vilipoanza miaka ya 1950, alivipinga hadharani. Mtu aliyeitwa mchochezi mwaka 1922 alisimama miaka 30 baadaye upande mmoja na serikali iliyowaita wengine magaidi.

Wapo wasioweza kumsamehe kwa hilo, nao wana hoja. Wapo wanaosema miaka tisa ya jangwani na upweke ilimfundisha kwamba maneno yake yangeweza kuwapeleka watu kaburini, na kwamba hakutaka kuuona tena umati kama ule. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya Thuku ni kukubaliwa kwamba alikuwa mtu wa kwanza wa koloni hili kuunda siasa ya makabila mengi mjini kwa kutumia Kiswahili kilichopigwa chapa. Aliishia kuwa mkulima wa kahawa mwenye kuheshimika huko Kiambu, na alifariki Juni 14, 1970.

Kutoka Pangani hadi Shauri Moyo

Pangani ilipobomolewa, wengi wa watu wake walihamishiwa mtaa mpya wa Shauri Moyo, jirani na Pumwani. Mitaa hiyo miwili ni miongoni mwa mizizi ya Eastlands ya leo. Mwandishi wa makala haya alilelewa Shauri Moyo, na anaweza kushuhudia kuwa desturi ya baraza haikubomolewa pamoja na nyumba. Vijana wa Eastlands waliunda Sheng, na Sheng ina msamiati wake wa habari. Porojo za watu huitwa mushene, neno lililotoka Kikuyu. Askari ni karao. Kitambulisho cha taifa huitwa kipande hata na vijana ambao hawajawahi kusikia kuhusu kikebe cha shingoni. Leo kuna stesheni za redio jijini zinazotangaza kwa Sheng, jambo ambalo wasanifishaji wa lugha hulitazama kwa jicho la shaka. Tukumbuke hata hivyo kwamba chapa na gazeti nayo yaliwahi kuwa maneno ya vibarua.

Suala lenyewe halijapitwa na wakati. Mwezi Juni 2024, vijana walipoandamana Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, idadi ya waliouawa iliyotolewa na Rais haikulingana na ile ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Katika vyumba vya habari mhariri alilazimika tena kuchagua kati ya ghasia na maandamano, kati ya kufa na kuuawa, kati ya kutaja mtendaji na kumficha. Miaka 102 ilikuwa imepita, na sehemu ya risasi hizo zilipigwa mwendo mfupi tu kutoka Barabara ya Harry Thuku.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maisha ya Harry Thuku hayawezi kutenganishwa na maneno ya kazi ya habari. Alijifunza chapa kwa walowezi, akajifunza uvumi na baraza Pangani, akayaunganisha yote katika Tangazo, kisha akafunikwa na neno ghasia ambalo hakulichagua.

Wengi miongoni mwa wasomaji wa jarida hili watakuwa walimu, wafasiri, wahariri na watangazaji. Baadhi watasoma taarifa za habari kutoka jumba lile lililo katika barabara yenye jina lake. Pendekezo letu kwao ni dogo na halihitaji bajeti. Tukio la Machi 16, 1922 liitwe Mauaji ya Nairobi, na itajwe ni nani aliyeshika bunduki. Jina la Mary Muthoni Nyanjiru litajwe pamoja nalo. Idadi zote mbili, 21 na 56, ziandikwe katika sentensi moja, kila moja na aliyeihesabu.